Utamaduni katika Somo la Kiingereza: Kasese na Bwera

Kufundisha Kiingereza pamoja na utamaduni ni kumfundisha mwanafunzi jinsi watu wanavyoitumia lugha hiyo wanaposalimiana, wanapoomba, wanapokataa, wanapobishana na wanapoomboleza, zaidi ya kanuni za sarufi na orodha za msamiati. Kazi hiyo ina pande mbili. Upande wa kwanza ni kumwezesha mwanafunzi kuzielewa desturi za wanaozungumza Kiingereza kwingineko, iwe London, Lagos, Delhi au Nairobi. Upande wa pili ni kumwezesha kuyaeleza maisha ya kwao kwa Kiingereza bila kuyapotosha wala kuyaonea haya. Vitabu vingi vya kiada hushughulikia upande wa kwanza, tena kwa juu juu. Wa pili huachwa, ingawa kwa mwanafunzi wa chuo kikuu aliyetoka Kasese au Bwera huo ndio wenye faida kubwa zaidi.

Wilaya ya Kasese iko magharibi mwa Uganda, kati ya Milima ya Rwenzori, yenye kilele cha Margherita cha mita 5,109, na nyanda za chini za maziwa ya George na Edward. Wakonzo ndio wengi, nao wanaishi pamoja na Wasongora, Wanyabindi, Watoro, Wakiga na Wanyankole. Reli kutoka Kampala ilifika mjini Kasese mwaka 1956 kwa ajili ya shaba ya Kilembe, na mgodi ukawakusanya wafanyakazi wasio na lugha moja. Bwera iko kusini magharibi mwa wilaya, jirani na kivuko cha Mpondwe. Ng'ambo ya Mto Lhubiriha ni Kasindi, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na njia inaendelea hadi Beni na Butembo. Siku za soko, watu wa pande zote mbili hukutana Mpondwe wakiuziana samaki, vitenge, mafuta ya mawese na mihogo, na bei hupatanwa kwa Kikonzo, kwa Kinande kinachokaribiana nacho sana, au kwa Kiswahili.

Mwaka 1985 mwanaisimu Braj Kachru aliyagawa mataifa yanayotumia Kiingereza katika duara tatu: la ndani ambako ni lugha ya mama ya wengi, la nje ambako kilikuja na ukoloni kikabaki kuwa lugha ya serikali na shule, na linalopanuka ambako hufundishwa kama lugha ya kigeni. Uganda imo katika duara la nje, Kongo katika lile linalopanuka. Kwa hiyo Mto Lhubiriha, ambao mchuuzi huuvuka na kurudi siku hiyo hiyo, ni mpaka kati ya duara mbili. Wakonzo wa upande huu na Wanande wa upande ule hujihesabu kuwa watu wa asili moja, Wayira, lakini mtoto wa Bwera husoma kwa Kiingereza na binamu yake wa Kasindi kwa Kifaransa. Wakikutana katika darasa la chuo kikuu, mmoja anakijua Kiingereza kama lugha ya mitihani tangu utotoni, na mwingine amekisoma kama somo moja kati ya mengi. Wanachoweza kuzungumza bila kujikaza ni lugha ya nyumbani na Kiswahili. Mwalimu anayepiga marufuku lugha hizo mbili darasani anawanyima daraja pekee walilo nalo.

Njia ya mwanafunzi wa Uganda kuelekea Kiingereza inajulikana. Tangu mtaala wa mada ulipoanza mwaka 2007, madarasa matatu ya kwanza ya shule ya msingi hufundishwa kwa lugha ya eneo, na Kikonzo ni mojawapo ya lugha hizo. Darasa la nne ni la kuvuka, na baada yake masomo yote ni kwa Kiingereza hadi chuo kikuu. Kijana anayeingia Chuo Kikuu cha Mountains of the Moon mjini Fort Portal, au Makerere, au Mbarara, huwa amesoma kwa Kiingereza karibu miaka 10. Anaweza kueleza usanisinuru kwa lugha hiyo bila kutafuta neno. Akiombwa aeleze jinsi mahari inavyojadiliwa kwao, nani huzungumza kwanza na kwa nini mwenye mali hakai mbele, hukwama. Jambo hilo hajawahi kuulizwa kwa Kiingereza. Lugha ya kitabu na maisha ya nyumbani vimewekwa katika vyumba viwili tangu darasa la nne, na hakuna mtihani uliomlazimu kufungua mlango kati yake.

Historia iliyomo ndani ya lugha ya shule

Kasese hakuna anayeweza kudhani kwamba lugha ya shule ni jambo dogo. Chini ya utawala wa kikoloni Wakonzo na majirani zao Waamba waliwekwa ndani ya ufalme wa Toro, na Kitoro ndicho kilichokuwa lugha ya utawala, ya kanisa na ya madarasa ya mwanzo. Mtoto wa mlimani alianza shule kwa lugha isiyo yake, kisha akasubiri Kiingereza. Malalamiko juu ya hali hiyo, pamoja na ya kodi, ya vyeo na ya nafasi za masomo, yalikuwa sehemu ya chachu ya vuguvugu la Rwenzururu, ambalo chini ya Isaya Mukirania lilitangaza uhuru wake tarehe 30 Juni 1962, miezi michache kabla ya uhuru wa Uganda yenyewe. Mwaka 1974 Toro iligawanywa na eneo la Kasese likapata wilaya yake. Serikali iliutambua ufalme wa Rwenzururu mwaka 2009.

Historia hii ina funzo la moja kwa moja kwa mwalimu wa Kiingereza. Watu waliokwisha kuambiwa mara moja kwamba lugha yao haifai kwa kazi za maana husikia haraka wanapoambiwa tena, hata kama msemaji hakukusudia. Mhadhiri anayesema kwamba jambo fulani la Kikonzo halielezeki kwa Kiingereza, na kwa hiyo liachwe nje ya insha, anarudia kosa la zamani kwa sura mpya.

Sehemu ya kosa hilo ilipewa hadhi ya utaalamu nchini Uganda kwenyewe. Mwezi Januari 1961 Makerere ilikuwa mwenyeji wa mkutano wa Jumuiya ya Madola kuhusu kufundisha Kiingereza kama lugha ya pili. Robert Phillipson, katika kitabu chake cha 1992 kuhusu ubeberu wa lugha, alidondoa kutoka katika mawazo ya mkutano huo imani tano alizoziita potofu. Kwamba Kiingereza hufundishwa vyema bila lugha nyingine yoyote. Kwamba mwalimu bora ni mzawa wa lugha hiyo. Kwamba kadiri kinavyoanzwa mapema ndivyo matokeo yanavyokuwa bora. Kwamba kadiri kinavyofundishwa kwa wingi ndivyo matokeo yanavyokuwa bora. Na kwamba lugha nyingine zikitumiwa sana, kiwango cha Kiingereza hushuka. Wapo waliosema Phillipson alizidisha mkazo juu ya njama na kusahau kwamba wazazi wa Kiafrika wenyewe walikitaka Kiingereza. Hoja yao ina uzito. Hata hivyo imani hizo tano bado zinaishi katika shule za bweni ambako mtoto huadhibiwa kwa kusema lugha ya mama, na mwanafunzi wa chuo kikuu huja na kovu hilo: anaamini kwamba akili yake huonekana tu pale asiposikika ametoka wapi.

Majina katika darasa moja

Somo la majina ni mahali pazuri pa kuanzia, kwa sababu halihitaji kitabu wala mashine. Wakonzo huwapa watoto majina kwa mpangilio wa kuzaliwa. Kwa wavulana, Mumbere ni wa kwanza, Bwambale wa pili, Masereka wa tatu, Kule wa nne. Kwa wasichana, Masika ni wa kwanza, Biira wa pili, Kabugho wa tatu, Mbambu wa nne. Wanande wana mpango huo huo kwa matamshi ya karibu: Kambale kwa Bwambale, Kasereka kwa Masereka, Kavira kwa Biira. Yapo pia majina ya mapacha na ya watoto wanaowafuata. Katika darasa la Kasese akina Masereka wanaweza kuwa watano wasio na undugu wowote, ilhali ndugu wawili wa baba na mama mmoja hawana jina hata moja la pamoja.

Sasa mwanafunzi apewe fomu ya kuomba nafasi ya masomo katika chuo cha Uingereza au Kanada. Fomu inataka jina la kwanza na jina la ukoo. Jina la ukoo, kwa maana ambayo fomu inalitaka, hana. Ataandika Masereka mahali hapo, na afisa wa huko atadhani kwamba akina Masereka wote ni jamaa, kisha atashangaa dada yake akiomba kwa jina la Biira. Zoezi ni kumwandikia afisa huyo aya moja ya maelezo. Rasimu ya kwanza karibu kila mara hutoka dhaifu, nayo huanza kwa kusema kwamba Waafrika huthamini sana majina. Sentensi hiyo haimsaidii mtu. Mwalimu huuliza: afisa anahitaji kujua nini ili asikosee faili? Rasimu ya pili huanza kupata mwili: jina linaonyesha nafasi ya kuzaliwa, halirithiwi kwa baba, ndugu hutofautiana kwa majina, jina la ubatizo huongezwa kando. Rasimu ya tatu hushughulikia adabu: jinsi ya kumsahihisha mgeni bila kumfanya ajione mjinga, na jinsi ya kuomba kuitwa kwa jina unalolipenda.

Katika aya hiyo moja yamo matumizi ya wakati uliopo wa mazoea, sentensi za masharti, viunganishi vya kutofautisha na maneno ya upole. Sarufi iliyofundishwa ni ile ile ya kitabu, lakini safari hii mwanafunzi ana jambo analolijua kuliko mwalimu wake, na msomaji anayehitaji kweli kulijua. Msomaji wa Dar es Salaam aliyewahi kumweleza mgeni maana ya shikamoo na marahaba ataona mara moja kwamba zoezi hili linafaa popote.

Kutoka kwenye majina, somo la adabu hufuata lenyewe. Mtu akijikwaa njiani, Mganda humwambia "sorry", kama Mswahili asemavyo pole. Mwingereza asiyezoea hushangaa kuombwa radhi na mtu ambaye hakumkosea. Anayefanya kazi shambani husalimiwa kwa kupongezwa kwa kazi yake, na pongezi hiyo imeingia katika Kiingereza cha Uganda kama salamu ya kawaida. Hizi si dosari za kufutwa kwa kalamu nyekundu. Ni desturi za Kiingereza cha hapa, na mwanafunzi wa chuo kikuu anatakiwa kuzijua pamoja na desturi za kwingine, achague kulingana na anayezungumza naye. Bernard Sabiti alikusanya mengi ya namna hii katika kitabu chake cha mwaka 2014 kuhusu Kiingereza cha Waganda, nacho ni hazina kwa mwalimu anayetaka mifano inayofahamika.

Insha ya kitaaluma ina desturi zake

Vyuo vikuu vingi vya Uganda vina somo la stadi za mawasiliano katika mwaka wa kwanza, na hapo ndipo uandishi wa kitaaluma hufundishwa, mara nyingi kama orodha ya kanuni. Ingefaa ufundishwe kama utamaduni. Insha ya Kiingereza hutaka hoja itajwe mwanzoni na kila aya iitumikie. Mzungumzaji wa heshima barazani hufanya kinyume: huanza kwa salamu na shukrani, hugusa historia, huzunguka, na kuifikia hoja wasikilizaji wakiwa wameshaandaliwa. Robert Kaplan alidai mwaka 1966 kwamba kila lugha ina umbo lake la kupanga mawazo, akakosolewa kwa kujumlisha mno, na baadaye yeye mwenyewe akalegeza msimamo. Kilichobaki na nguvu ni jambo la kawaida: mpangilio wa hoja hufunzwa na jamii, na aliyefunzwa mmoja anaweza kufunzwa wa pili bila kuambiwa kwamba wa kwanza ulikuwa ujinga.

Jambo la kunukuu ni gumu zaidi. Methali haina mwenyewe. Neno la babu hurithiwa na kutumiwa na wajukuu wote, na kulitumia ni kumheshimu. Katika chuo kikuu kila wazo lina mmiliki, mwaka na ukurasa, na kulitumia bila kumtaja ni wizi. Mwanafunzi anayenakili aya nzima bila alama za kunukuu anaweza kuwa mdanganyifu, lakini anaweza pia kuwa anafuata adabu ya kwao ya kurudia maneno ya wakubwa kama yalivyo. Mhadhiri anayejua hivyo bado atamkata alama, ila atamweleza sababu, na atampa kazi ya kumhoji mzee wa kijiji kuhusu kilimo au tiba na kumnukuu kwa jina kwa idhini yake, sawa na profesa. Kazi hiyo hufundisha kunukuu haraka kuliko karatasi ya kanuni.

Pale neno linapogusa uhai

Tarehe 11 Juni 2019 ilithibitishwa kwamba mtoto wa miaka 5 aliyevuka kutoka Kongo pamoja na jamaa zake alikuwa na Ebola. Alikuwa amepelekwa hospitali ya Kagando, kisha akahamishiwa kituo cha matibabu cha Bwera, naye akafariki. Bibi yake na mdogo wake waliugua na kufariki pia. Upande wa Kongo mlipuko ulikuwa umetangazwa tangu Agosti 2018.

Taarifa, miongozo na ripoti za mlipuko huandikwa kwa Kiingereza au Kifaransa, kisha muuguzi, mwalimu au kiongozi wa kijiji huzieleza kwa Kikonzo au Kiswahili. Katikati ya safari hiyo ndipo utamaduni unapopita au unapokwama. Miongozo ya kimataifa husema juu ya mazishi salama yenye heshima. Usalama unaelezeka: mwili usiguswe, wazikaji wavae mavazi ya kinga. Heshima je? Kwa jamaa wa marehemu heshima ni kuuosha mwili, kuwa karibu nao na kuwasubiri ndugu walio mbali. Maelezo yanayotaja usalama na kuinyamazia heshima husikika kama amri ya kumtupa mtu. Hata neno "contact" lina mtego: katika ripoti za afya ni mtu aliyekuwa karibu na mgonjwa, lakini katika Kiingereza cha kila siku cha Uganda ni namba ya simu.

Mwanafunzi wa uuguzi au wa elimu anaweza kufanyishwa kazi kwa pande zote mbili. Asome mwongozo wa Kiingereza, aueleze kwa lugha ya nyumbani mbele ya wenzake wanaojifanya wafiwa, apokee maswali yao, kisha awaandikie kwa Kiingereza waliotunga mwongozo awaeleze swali lipi halikuwa na jibu. Sehemu ya mwisho ndiyo yenye uzito. Kwa kawaida lugha ya kigeni huteremka kutoka juu kwenda kijijini. Hapa mwanafunzi anajifunza kuipandisha.

Mazingira ya Kasese yana maandishi na kazi nyingine nyingi za aina hii, na zifuatazo zinatosha kuonyesha njia. Waongozaji wa wapanda mlima huko Ibanda na Nyakalengija huulizwa na wageni kuhusu Kitasamba, ambaye kwa imani ya jadi ya Wakonzo ndiye mwenye mlima. Kumweleza kwa Kiingereza bila kumfanya kichekesho wala kumfunga katika maneno ya dini ya mgeni ni mtihani wa lugha kwa mwanafunzi wa utalii. Katika kahawa, ushirika wa Bukonzo Joint ulijulikana kwa kuwafundisha wakulima, hata wasiojua kusoma, kutumia michoro ya kupanga malengo ya familia na kuonyesha mgawanyo wa kazi kati ya mume na mke. Kuugeuza mchoro wa namna hiyo kuwa ripoti ya Kiingereza ya kurasa mbili, mwenye mchoro akiwa karibu kusahihisha, ni kazi bora kuliko kufupisha makala kuhusu soko la hisa la New York.

Kwa upande wa fasihi, Afrika Mashariki iliufungua mlango mapema. Mwaka 1968 Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong waliandika waraka wa kutaka idara ya Kiingereza ya Nairobi ifutwe, ili fasihi ya Afrika iwe katikati na ya Ulaya ikae kando. Mganda Pio Zirimu aliipa fasihi simulizi jina lake la Kiingereza, akikataa ionekane kama maandishi yaliyopungukiwa. Kwa darasa la Kasese, riwaya ya Timothy Wangusa ya mwaka 1989, Upon This Mountain, inafaa mno: inahusu kijana anayekulia mlimani, huko Masaba mashariki mwa Uganda, kati ya shule, kanisa na jando. Mwanafunzi wa Rwenzori anayaona ya kwao kwa umbali wa kutosha kuyajadili bila woga. Tamthilia za John Ruganda, aliyezaliwa Fort Portal, zina faida nyingine, kwa kuwa zinaigizika, na katika kuigiza ndipo mwanafunzi hugundua kwamba sauti, kimya na kukatizana maneno ni sehemu ya lugha.

Tahadhari na upimaji

Utamaduni si jambo lisilo na maumivu. Mwezi Novemba 2016 mapambano kati ya vyombo vya usalama na walinzi wa kifalme, na shambulio kwenye ikulu ya Rwenzururu mjini Kasese, viliua zaidi ya watu 100. Katika darasa lolote la eneo hilo wapo waliopoteza ndugu, na wapo wa makabila yanayoitazama historia hiyo tofauti. Mdahalo juu ya nani mwenyeji halisi wa Kasese ni zoezi baya hata kama lingechangamsha mazungumzo. Mwalimu achague mada ambazo kila kundi lina la kusema kama mjuzi: chumvi ya Katwe, ufugaji wa Wasongora, uvuvi, kahawa, mafuriko ya Mto Nyamwamba. Pia asimgeuze mwanafunzi kuwa msemaji wa kabila lake. Kijana aliyekulia katika nyumba za wafanyakazi Kilembe huenda asijue lolote juu ya tambiko, na ana haki ya kuandika juu ya mtaa wake.

Kinachoizuia kazi hii zaidi ni mtihani. Madarasa ya mwaka wa kwanza ni makubwa, na maswali ya kuchagua jibu husahihishwa haraka. Michael Byram, aliyeandika mwaka 1997 juu ya umahiri wa kuwasiliana kati ya tamaduni, alitaja maarifa, mitazamo, ufasiri, ugunduzi na uhakiki kuwa mambo ya kupimwa, na hayo hayapimiki kwa duara na wino. Yanapimika kwa kazi ndogo zinazorudiwa. Namna moja inayowezekana hata kwa darasa kubwa ni kuwapanga wanafunzi wawili wawili wa asili tofauti, mmoja akiandika rasimu kuhusu jambo la kwao, kisha akimweleza mwenzake kwa Kiingereza kwa dakika tano huku msikilizaji akiandika maswali yake. Msemaji huandika upya maelezo yake kwa kuyajibu maswali hayo, na mwalimu hukusanya karatasi zote tatu: rasimu, maswali na maelezo ya pili. Alama hutolewa kwa tofauti kati ya rasimu na maelezo ya pili, na msikilizaji naye hupata alama kwa ubora wa maswali yake.